Tangazo la Kibati

Mwavita anarekodi chini ya blanketi. Nyumba yake ya mtaa wa Katoyi, mjini Goma, ni ya mbao na mabati, upepo ukipita tu inapiga kelele. Antena hana. Emisyo yake, kipindi kiitwacho Sauti ya Kando, inaingia kwenye kadi za memori, kadi zinaenda na watu wa pikipiki, na huko wanazitia ndani ya vile viredio vidogo vya sokoni. Wanaomsikiliza ni watu ambao redio kubwa zinawataja siku ya maafa tu.

Juma lile alikuwa na tangazo la haraka. Karani wa chef, mkubwa wa eneo, angefika kijiji cha Kibati siku ya tatu, asubuhi moja tu, kuandika Batwa, wazao wa watu wa msitu, wanaochimba udongo wa vyungu kwenye kabonde ka pale. Asiyeandikwa hatachimba tena. Na pale kote ni mawe ya volkano, udongo mwingine hakuna.

Papa Donat, wa shirika lililompa mashine ya kurekodi, alitaka kusikiliza kwanza.

"Mama Mwavita, Batwa ni tusi. Weka autochtones, ni kusema wenyeji wa kwanza."

"Wao wenyewe wanajiita Batwa, papa."

"Wao, ndiyo. Weye, na hicho kitambaa kichwani? Watasema Waislamu wanatukana watu."

Hapo ndipo alipomkata maini. Miaka sita sasa kitambaa kinaongea mbele yake. Msikitini wanamuuliza kwa nini hatangazi mambo yao kwanza. Kwingine wanamuuliza kama ni redio ya Korani. Alichoka kubishana. Akarudi chini ya blanketi, akasema autochtones wa Kibati wafike kuandikwa, wasipoteze ardhi yao.

Siku ya tatu alikuta uwanja wa Kibati umejaa, viti vyote vimeshikwa. Roho ikatulia kidogo. Halafu akatazama mikono ya watu. Ilikuwa mikono ya jembe. Hata kucha moja yenye udongo wa chungu hakuiona.

Akamwinamia muzee mmoja mwenye kofia ya sufu. "Muzee, mumekuja juu ya nini?"

"Juu ya autochtones. Si ni redio yako ilituita? Babu yangu alizaliwa hapa, na babu yake pia. Autochtone wa kutupita sisi ni nani? Ama ni weye wa Goma?"

Watu wakacheka. Karani aliandika tu kila aliyejitokeza, alikuwa amefika jina la arobaini na moja, la mwisho.

Mwavita akashuka mbio kwa Dative, mama wa Batwa anayefinyanga vyungu chini ya barabara. Alimkuta amekaa, anakanda udongo polepole kama mutu asiye na safari.

"Dative, hukusikia tangazo?"

"Nilisikia vizuri. Nikasema, bale ba-autochtones wako na bahati, banaitwa. Sisi Batwa batatuita siku gani?"

Mwavita akamwinua. Akamshika mkono, wakapita nyumba kwa nyumba, Mwavita anaita kwa sauti yake mwenyewe: "Batwa, mukuje." Walipofika uwanjani karani alikuwa anafunga kitabu. Wakamwomba mpaka akakifungua tena, akaandika wanawake saba, chini kabisa ya ukurasa.

"Na hawa wengine?" Mwavita akauliza. "Hawafinyangi vyungu. Uwafute."

"Kitabu cha chef hakifutwi, mama. Wataingia bondeni kwa zamu, kufuata namba."

Muzee wa kofia aliposikia ni udongo, alicheka kwanza. "Mimi nilizani ni mashamba." Kisha akafikiri. "Jina langu libaki. Hata matofali yanatoka kwa udongo."

Dative alikuwa namba arobaini na mbili, kwenye bonde lake mwenyewe. Hakugombana. Alipanguza tu mikono kwenye kikwembe, akarudi nyumbani.

Jioni Papa Donat akapiga simu. "Tangazo lilienda aje?"

"Watu walijaa, papa."

Akakata. Mashine ya shirika akairudisha ndani ya boksi lake, akalifunga. Halafu akachukua simu yake ya zamani, akaingia chini ya blanketi. "Batwa ba Kibati," akaanza. Ilitoka kwa hasira, kama tusi. Akafuta, akaanza tena.