Siku Zisizokwisha za Mama Masalu

Mbuke, Mama Masalu, alikuwa akiwapikia wachimbaji wa duara moja, shimo la dhahabu, nje ya Runzewe, na sheria ya pale aliijua kabla hajajua bei ya mchele: mwanamke aliye kwenye siku zake hakaribii mdomo wa duara, dhahabu itakimbia. Aliifuata bila kinyongo. Siku zake zikifika alibaki jikoni bondeni, chakula kikapandishwa duarani na mwenzake Wema. Kwao Tinde alilelewa kwamba mambo hayo hayatajwi mbele ya wanaume. Huku wanaume wote waliyajua kwa kuona tu kwamba hajapanda.

Mwaka huu siku zikakataa kwisha. Wiki ya pili, ya tatu, damu na mabonge, kanga juu ya kanga.

"Mama Masalu, siku zako zimekuwa masika?" Maganga, msimamizi wa duara, alimtania, vijana wakaangua kicheko. Kisha akashusha sauti. "Ukibaki huku chini tena, Wema atachukua nafasi yako."

Kesho yake Mbuke alijitwisha sufuria akapanda mwenyewe, akidai amekwisha kumaliza. Siku hiyohiyo yakatoka mawe mazuri, yenye dhahabu kuliko ya mwezi mzima. Vijana walikuwa bado wanashangilia alipoona giza, akaanguka kando ya viroba vya mawe.

Hospitalini daktari alimweleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi: ana uvimbe kwenye kizazi, si saratani, na damu imempungukia sana. Hedhi ikizidi wiki moja, au pedi ikilowa kila baada ya saa moja, hiyo si ya kujikaza nayo nyumbani. Angeongezewa damu, kisha upasuaji. Mbuke aliitikia tu. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Jioni ya siku ya pili Maganga alikuja na machungwa, akasimama mbali kidogo na kitanda.

"Pole, mayo, mama yangu. Nafasi yako ipo."

"Siku ile ya mawe mazuri," alisema Mbuke, akitazama dari, "nilikuwa bado natoka damu."

Maganga aligeuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Usiwaambie vijana."

"Sina nguvu ya kumwambia mtu. Ila wewe umejua."

Mbuke alidhani Maganga ataondoka. Hakuondoka. Aliushika mfuko wa machungwa kana kwamba hajui pa kuuweka.

"Mke wangu naye huwa hivyo," akasema mwishowe. "Wiki mbili, tatu. Mimi humwambia ni mambo ya kike, yataisha."

Mbuke akafumba macho.

"Mlete," alisema. "Mlete kesho."