Treni Iliyongoja Pete

Siku ile mama alinituma nichume matembele kandokando ya jukwaa. Wakati wa vita kila kipande cha ardhi kililimwa, na stesheni yetu ndogo huko Japani, iliyojengwa kwa ajili ya kusafirisha mbao kabla haijawa ya abiria, ilizungukwa na viazi vitamu pande zote. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mkata tiketi tu, lakini mkuu wa stesheni alipoitwa jeshini, yeye ndiye aliyevaa kofia yake. Ilimpwaya, akaijaza gazeti.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nimeishi Tanga na mume wangu miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na kwa sababu mjukuu wangu Neema anakielewa, ingawa hapa Silver Spring, Marekani, hunijibu kwa Kiingereza. Treni ikikawia kuondoka, mikono yangu hutoka jasho. Juzi tukiwa ndani ya treni ya metro aliona, akaniuliza. Nikamsimulia.

Reli yetu ilikuwa ya njia moja. Dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye handaki la mlimani bila pete, yaani waya mnene wa duara wenye mfuko wa ngozi, na ndani ya mfuko kisahani cha shaba. Mama alibonyeza kengele. Stesheni ya upande wa pili wa mlima ikijibu kwamba njia ni tupu, ndipo mashine ilipomtolea kisahani. Bila jibu hakuna pete. Hivyo ndivyo treni mbili zilivyozuiwa kukutana gizani.

Treni ya asubuhi iliingia imejaa. Dada yangu Chiyo, wa miaka kumi na mitano, alikuwa anarudi kazini kiwandani baada ya mapumziko ya siku moja. Alipanda behewa la pili, akapata nafasi dirishani, akanitolea ulimi.

King'ora kikalia kutoka bondeni.

Mama akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena.

Dereva akachungulia. "Mama, handaki lile pale. Niruhusu nikajifiche."

"Sijajibiwa."

"Treni gani itakuja saa hizi?"

"Sijajibiwa, baba. Shusha watu."

Waliokuwa karibu na milango wakaanza kuruka.

Nilizisikia ndege kabla ya kuziona. Nikalala kifudifudi kwenye viazi.

Zilipita mara mbili.

Behewa la pili lilivyokuwa sitalieleza. Chiyo alikuwa bado ndani.

"Bibi, those were our planes?" Neema aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Za kwenu."

Neema alinishika mkono mpaka tuliposhuka. Wale marubani sijawahi kuwachukia. Sikuwaona hata sura. Hasira yangu yote ilimwendea mama.

Kesho yake mzee wa stesheni ya pili alivuka mlima kwa miguu, akapiga magoti mbele ya mama. Alikiri kwamba king'ora kilipolia alikuwa amekimbilia shimo la kujificha. Kengele aliisikia, akaogopa kutoka. Njia ilikuwa tupu. Mama alimwinua, akampa maji ya kunywa, kisha akarudi kazini. Aliendelea kwa miaka mingi, na hakuna treni iliyoondoka pale bila pete. Watu walimsifu kwa msimamo wake. Mimi nilikuwa namtazama akila, nikashangaa chakula kinampitaje kooni.

Baadaye nilipokuwa mtu mzima nilimsamehe. Nilijiambia kwamba katika vurugu ile alidhani Chiyo ameshashuka. Siku ya kuaga, nikiwa tayari kumfuata mume wangu Tanga, nikathubutu kumuuliza.

"Nilimwona dirishani," mama akasema. "Nilitaka sana kumwambia dereva aende. Lakini nilijua nataka kwa sababu ya mwanangu. Mle ndani mlikuwa na watoto wa wenzangu, na huko handakini labda wengine."

Akaendelea kunifungia chakula cha safari.

Ikabidi nianze kumsamehe upya. Alikufa zamani, umri wake nimeshaupita, na bado sijamaliza.