Hawa Unaotaka Kuwazika, Mmoja Ameolewa

Admin, nifichie kila kitu lakini jina langu la kwanza liache, maana ndilo kisa chenyewe. Naitwa Shija. Huku kwetu Mashija ni wengi kuliko mbuzi, hakuna atakayenijua. Nina miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, lakini dunia nimeimaliza: Kigoma, Bujumbura, Mombasa, na kila duara, yaani shimo la dhahabu, kuzunguka Geita limeonja jasho langu. Wanawake walionipenda siwataji, ukurasa utajaa.

Nimekulia Shinyanga mjini. Mama aliuza vitumbua, baba, Mzee Salum, alikuwa fundi cherehani, asili yake Pwani. Kwenye karatasi zote mimi ni Shija Salum, mtoto wa pekee. Kisukuma sikukijua zaidi ya salamu. Machimboni nilikuwa najigamba, "Sisi ukoo wa Salum, watu wa Pwani, tunaoga mara mbili kwa siku!"

Miaka ya mwanzo ya themanini, mzee tuliyechimba naye, Mzee Masanja, akaniuliza nimezaliwa wa ngapi. Nikasema wa kwanza na wa mwisho. Alicheka mpaka ugoro ukamtoka.

"Shija wa kwanza? Shija ni anayewafuata mapacha! Kulwa na Doto wako uliwaruka wapi, we Mswahili? Ulipitia dirishani?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawashinda.

Nilipokwenda nyumbani nikamuuliza mama. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso. "Walikufa wachanga. Ushirombo." Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. Basi.

Roho yangu ni kubwa, sijifichi. Nilikuwa nimepata dhahabu kidogo, nikanunua mifuko miwili ya saruji, na wakati ule saruji ilikuwa haionekani kwa macho, nikapanda nayo lori hadi Ushirombo niwajengee ndugu zangu makaburi ambayo hata padri angeyaonea wivu. Pale misheni, mama alikobatizwa, nikamwomba katekista anitafutie majina yao kwenye kitabu cha ubatizo, niyaandike kwenye misalaba. Nikampa jina la mama.

Alipekua asubuhi nzima. Kidole kikasimama. Kulwa na Doto, siku moja, mama yule yule. Baba: Luhende. Si Salum. Pembeni mwa Kulwa palikuwa na msalaba mdogo, kwamba alifariki. Pembeni mwa Doto pameandikwa kipaimara, halafu kwa wino mwingine, ndoa, na kijiji cha upande wa Kharumwa.

Katekista akavua miwani. "Kijana, hawa unaotaka kuwazika, mmoja ameolewa."

Akafunua kurasa zilizofuata amtafute Shija Luhende. Hakuwemo. Mimi nilikuwa natazama saruji yangu pale mlangoni, nikiwaza tu kwamba mfuko mmoja umechanika.

Siku ya pili nilifika kwa Doto. Alikuwa anaanika michembe, vile viazi vya kukausha. Ana mwanya wa mama, na ile namna ya mama ya kutoinua uso akiwa na kazi.

"Karibu, kaka. Umepotea njia?"

Nikasema nauza saruji.

"Saruji huku? Umuuzie nani, kuku?"

Akanipa maji. Nikamuuliza wazazi wake. Baba alishafariki, akasema. "Na mama alikufa mimi nikiwa mdogo, akiwa na Shija wetu tumboni. Baba alituambia alikuwa mama mwema sana. Mpaka leo mtu akiita Shija sokoni, mimi nageuka. Na wewe kaka, jina lako nani?"

Mimi, mdomo huu uliowashinda madalali wa Bujumbura, nikasema, "Salum."

Nikamwachia saruji, nikamwambia ni nzito kurudi nayo.

Njiani ndipo nilipoelewa. Mama alimkimbia Luhende na mimba yangu. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, kwa hiyo watoto walikuwa wa mume, akawaacha. Mimi nilikuwa tumboni, sikuachika.

Nyumbani nilimkuta na ungo wake. "Umejenga?"

"Nimejenga."

"Makaburi mangapi?"

"Moja."

Mikono yake ikasimama. Halafu akasema, "Kula, wali unapoa." Hatukuligusa tena jambo hilo mpaka nilipomzika. Sikulia siku ile, sikulia msibani. Hadi leo nangoja.

Doto bado yu hai, nimesikia. Nikimwambia mimi ndiye Shija, anapata mdogo wake na anampoteza mama mwema, maana atajua alikuwa Shinyanga miaka yote ile akikaanga vitumbua, safari ya siku moja. Nikinyamaza, nitazikwa Salum, naye ataendelea kugeuka sokoni.

Nimeshauri watu wengi maishani, tena bure. Safari hii nishaurini ninyi. Nikipiga hodi pale, akaniuliza tena jina langu, nijibuje?