Chupa ya Sodiamu

Nina hasira za karibu. Mama yangu kule Tanga hupenda kusema kwamba hasira zangu hutangulia, akili inafuata nyuma ikiburuta miguu. Nilipopangiwa kufundisha kemia kidato cha tano katika shule moja ya milima ya Usambara, alinisihi mambo mawili: nivae sweta na nichunge mdomo. Sweta nilivaa. Shule sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu peke yangu.

Maabara yetu ilikuwa na mtunzaji mmoja, mzee aliyekaribia kustaafu. Nyumbani kwake palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shuleni, na katika usharika wa Kilutheri wa kijijini kwao alikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaopitisha kapu la sadaka. Hakuwa msemaji. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba huku amevua kofia, ingawa kikazi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Majira ya baridi, ukungu ulipoingia hadi darasani, alinifundisha kuwasha jiko la mafuta ya taa la maabara bila kunicheka, na nilistahili kuchekwa.

Tulikuwa na kipande kimoja cha sodiamu, hakizidi sabuni iliyobaki bafuni. Nilikipata Lushoto mjini baada ya kuwasumbua watu muda mrefu. Sodiamu haiwezi kukaa wazi. Ina elektroni moja tu ya nje, iko mbali na kiini, imeshikwa kwa ulegevu, nayo huitoa kwa chochote kinachoitaka, iwe hewa, maji au ukungu. Kadiri unavyoshuka katika kundi lile la jedwali, atomu zinakuwa kubwa zaidi na elektroni ile inazidi kulegea. Kwa hiyo huhifadhiwa ikiwa imezama ndani ya mafuta ya taa. Nilitaka wanafunzi wangu waione ikikimbia juu ya maji, waache kukariri mambo wasiyoyaamini.

Shule ilipofunguliwa Januari niliwaita wote mezani, nikaenda kabatini kuchukua chupa. Mafuta hayakuwemo. Sodiamu yangu ilikuwa imegeuka ukoko mweupe uliolowa, kama chumvi iliyopigwa na unyevu. Likizo nzima ufunguo wa maabara alikuwa nao mzee.

"Mafuta yako wapi?" nilimuuliza mbele ya darasa zima.

"Sijui, mwalimu. Mimi sikuigusa chupa."

"Ufunguo alikuwa nao nani? Msimu huu wa kuni mbichi, mafuta ya kuwashia moto umeyaona hapa, ukabeba."

"Unaniita mwizi, mwalimu?"

"Umejiita mwenyewe."

Alivua koti lake la maabara, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza na kutoka. Mkuu wa shule alimwambia akae nyumbani hadi jambo litazamwe, na halikutazamwa. Asubuhi moja nilikutana naye njiani, nikapita bila shikamoo. Kwa watu wa milima ile, kijana kumpita mzee kimya ni kumtukana. Nilijua hivyo, na nilifanya kusudi. Hadi leo nalionea haya jambo hilo kuliko maneno yangu ya maabara.

Habari zilifika kanisani kabla yake. Baraza la wazee wenzake lilimwomba apumzike kupitisha sadaka, maana mtu anayetajwa kwa wizi hawezi kushika kapu. Niliambiwa na mpishi wa shule, jirani yake. Nikamjibu kwamba lisemwalo lipo. Nilikuwa mjinga wa kujiamini.

Wiki kadhaa baadaye nilifika kwenye somo la jinsi atomu zinavyofungamana. Nilihitaji jedwali kubwa la elementi, lile la karatasi, nililokuwa nimelikunja na kulisweka chini ya rafu ya chupa siku ya kufunga shule. Nilipolitandaza ukutani, harufu ikajaa darasa. Doa pana lilikuwa limeenea upande wa kushoto wote, kuanzia lithiamu hadi chini, na karatasi pale ilikuwa imelainika ikapitisha mwanga.

"Mwalimu, mbona linanuka mafuta ya taa?" aliuliza binti aliyekaa mbele.

"Ni lile jiko," nikasema.

Nikaendelea kufundisha. Nilieleza kwamba ukielekea kulia katika jedwali, atomu zinazidi kuwa na uchu wa elektroni, na kwamba klorini humpokonya sodiamu ile moja aliyonayo, kisha wote wawili wakashikamana kwa sababu ya kile kilichotoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekumbuka siku ya kufunga shule: nilifungua chupa kukata kipande cha kujaribia, basi la Tanga likapiga honi barabarani, nikasokota kifuniko harakaharaka na kuilaza chupa kwa sababu rafu ilikuwa fupi.

Mchana niliichukua chupa ile, tupu na iliyokwisha oshwa, nikaijaza maji. Nikasokota kifuniko upandeupande kama mtu mwenye haraka, nikailaza. Tone la kwanza halikuchelewa. Nilikaa kwenye stuli ya mzee nikilia.

Nilimwendea siku ileile. Alikuwa shambani akipalilia kabichi. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikapiga magoti kwenye udongo. Aliniinua.

"Asante kwa kuja," akasema. "Lakini uliponiita mwizi hatukuwa wawili, mwalimu."

Jumapili nilikwenda kanisani kwao. Mimi ni Mwislamu, sikujua pa kusimama, nikangoja nje hadi watu walipotoka kwa mnada wa sadaka. Kulikuwa na ndizi, maboga, na kuku aliyefungwa miguu. Mchungaji alisimamisha mnada akanipa nafasi. Nilisema kwamba mafuta niliyamwaga mimi kwa uzembe wangu, kwamba mzee huyu hakuchukua hata tone, na kwamba nilimvunjia heshima mbele za watoto. Wasioelewa Kiswahili changu cha pwani walitafsiriwa kwa Kishambaa, kwa hiyo aibu yangu nikaisikia mara mbili. Mzee alikuja akanishika mkono, akasema kwa sauti kwamba amenisamehe. Watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata alirudishiwa kapu lake.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe maabara hakurudi. Mkuu alimwita mara mbili, naye akajibu kwa upole kwamba miguu imechoka. Jiko la mafuta nikawa naliwasha mwenyewe.

Mwezi Juni, kabla sijashuka Tanga kwa likizo, nilimpelekea kilo mbili za sukari. Alinikaribisha vizuri, tukazungumza habari za mvua na bei ya viazi. Niliamini kabisa msamaha wake, na bado ninauamini. Nilipomkabidhi mfuko hakuupokea. Aligeuka akamwita mkewe kwa Kishambaa, na mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu," mzee akaniambia, bila uchungu wowote katika sauti, "sema mbele ya huyu kwamba sukari hii umenipa wewe."

Nikasema. Ndipo akanyoosha mikono yote miwili, akapokea.