Laini ya Katakwi Isiyokatika

Hajara Bakhit wa mtaa wa Walukuba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusa kwenye mambo ya ruta, vile visanduku vinavyoamua data ya kompyuta ipite wapi, utajuta kumfahamu. Juni 2003 waasi walikuwa wameingia Teso, mashariki mwa Uganda, na watu wanamiminika Mbale na mafurushi vichwani. Shirika la msaada lililomwajiri Jinja likampa kazi moja: kuchagua itifaki, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kuelekezana njia, ya kuunganisha ofisi tatu, Jinja, Mbale na Katakwi. Mbale ilifika Katakwi kwa redio iliyopitia mlingoti mmoja kilimani. Jinja ilifika huko kwa dishi la setilaiti, na Mbale kwa laini ya simu.

Mkuu wake, Bwana Parminder, alitaka RIP, ile ya zamani, maana mafundi wote waliizoea. Hajara hakumung'unya maneno.

"Bwana, hiyo inaishi kwa uvumi," alisema. "Ruta moja inaamini tu kitu jirani yake inasema. Njia ikikufa, dakika tatu zinaisha kabla ijue. OSPF, hii itifaki mpya, iko na ramani yote. Ikikatika hapa, inapita pale."

Alizipanga ruta tatu mezani, akachomoa waya. Sekunde nne tu, data ikahamia upande wa pili. Parminder akacheka, akakubali. Na mimi nasema waziwazi: kwa ufundi, Hajara alichagua vizuri.

Ambacho hakuna aliyekiandika popote ni mazoea ya madereva wa Mbale waliopeleka msaada Katakwi. Waasi wakikaribia kile kilima, ambacho barabara ya Katakwi ilipita chini yake, walinzi wa mlingoti walizima mitambo wakatimua mbio. Laini ikifa, Otim, karani wa bohari, alikosa barua pepe za Katakwi asubuhi, na hapo hapo funguo za malori zilirudi kwenye msumari. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yao. Adrisi, mdogo wake Hajara, dereva aliyepanga chumba Namakwekwe, Mbale, ilikuwa imemwokoa mara mbili. Aliwasimulia Hajara na mama yao, Ramula, kwenye chakula cha Ijumaa, huku akicheka. Ramula alishukuru Mungu. Hajara aliona haya tu kwa mtandao mbovu.

Jumanne ya pili tangu itifaki mpya iwashwe, Hajara alifika ofisini saa mbili asubuhi, akakuta taa zote za kijani na barua zote zimeingia. Akafungua kumbukumbu za ruta ya Mbale, kama fundi yeyote angefanya. Saa kumi na mbili na dakika kumi, redio ya kilimani imepotea. Mstari uliofuata: njia mpya, kupitia Jinja. Alipiga simu bohari.

"Otim, Adrisi iko wapi?"

"Alitoka saa kumi na mbili unusu, dada. Barua za Katakwi zilikuja vizuri, sasa yeye angengoja nini?"

Simu ya Adrisi haikupatikana. Hajara akawaandikia Katakwi: lori likifika, nijulisheni. Jibu lilirudi papo hapo kwamba bado. Saa sita wakaandika bado. Saa kumi wakaandika bado, na kila jibu lilifika upesi, bila kukosa hata herufi moja. Hajara alitamani kuing'oa mitambo yote kwa mikono yake.

Siku ya tatu askari walilikuta lori chini ya kilima, limechomwa, na Adrisi kando yake. Walimzika Jinja siku hiyo hiyo. Majirani walipotawanyika, Ramula alimwita binti yake akae naye mkekani.

"Hajara, ile laini ilikatika siku ile?"

"Hapana, mama. Redio ilikufa, lakini barua zilipita njia ingine."

"Kwa hiyo hakuna mtu alijua."

"Hakuna."

Ramula alilikunja na kulikunjua pindo la leso yake.

"Hiyo njia ingine, nani aliiweka?"

"Ni mimi, mama."