Anwani Isiyo na Waya

Siku niliyotangaza kwamba rauta ya Alunguli imekufa, nilivuka Lualaba kwa mtumbwi nikiwa na rauta nyingine mapajani, nimeifunika nailoni. Kazi yangu ni kutunza mitambo ya mtandao katika ofisi moja ya dawa hapa Kindu. Ofisi iko upande wa stesheni, depo ya dawa iko ng'ambo, Alunguli. Kwenye skrini yangu alama ya rauta ya depo ilikuwa nyekundu tangu asubuhi.

Nilimkuta mama anayetunza depo ameketi mbele ya kompyuta, anatuma maombi ya dawa kama kawaida.

"Papa, unaleta nini?"

"Rauta. Yako imekufa."

"Imekufa?" Akatazama skrini yake, akanitazama mimi. "Basi hii natumia njo ya nani?" Njo ya kwetu ni ndiyo.

Nilirudi na mzigo wangu. Bahati nzuri wiki ile kulikuwa na fundi, dada kutoka Bukavu, aliyekuja kukagua mitambo yetu. Nilimweleza. Hakucheka.

"Antena yenye inavusha mtandao mto njo imekufa," alisema. "Rauta iko muzima, kazi inapita kwa sahani ya satelaiti. Lakini wewe unaiulizia kwa adresi ya mlango wa antena. Mlango ukikufa, adresi yake nayo inapotea. Tutaiwekea loopback."

Hapo ndipo nilipopotea. Loopback niliyoijua ni ile ya kompyuta, ya mashine kujisemesha yenyewe. Kitu kinachojisemesha kitanijibuje mimi niliye ng'ambo ya mto?

"Ile haitoki nje ya kompyuta," alisema. "Hii ya rauta ni ingine. Jina tu njo moja."

Nikaigeuza rauta niliyorudi nayo, nikahesabu matundu yake ya waya, nikatafuta moja ambalo sikuwahi kuliona.

"Iko wapi, dada?"

"Haina tundu. Iko ndani ya programu."

"Haina tundu, haina waya, na inajibu?"

"Inajibu kwa njia yoyote yenye imebaki. Ni adresi ya rauta yenyewe, si ya mlango."

Nikamkumbuka baba yangu mdogo. Wakati wa vita, nilipokuwa kijana, yeye alikuwa mtu wa foni kule Kibombo, ile redio ya kusemea mbali. Reli ilikuwa imekatika na barabara hazikupitika, kwa hiyo tulikwenda kwenye foni ya Kindu kusikiliza sauti yake. Asubuhi moja hakujibu. Kesho yake vilevile. Mwenye foni akatuambia, "Kibombo imenyamaza." Nyumbani wakasikia: amekufa. Bibi akatandika mikeka uani, wanawake wakakaa chini, hitima ikasomwa. Nililia na wenzangu bila kuelewa tunamlilia nani, maana hapakuwa na maiti wala mtu aliyeiona.

Mvua zilipokwisha, msafiri mmoja aliyetoka Kibombo kwa njia za porini aliingia uani kwetu akauliza mbona hatumpelekei chumvi yule ndugu yetu. Alisema alimwacha porini, analima muhogo. Betri ya foni ilichukuliwa na askari, basi. Bibi hakujua acheke au alie. Alimuuliza tu shehe, hitima iliyokwisha kusomwa inakuwaje.

Nilimsimulia fundi kisa hicho, nikiamini sasa nimeelewa.

"Basi loopback njo kama baba mudogo?"

Akafikiri. "Karibu. Lakini yeye alikosa njia ya pili ya kujibu. Pasipo njia hata moja, loopback haisaidii kitu."

Nikachanganyikiwa upya.

Kesho yake fundi aliiandika ile anwani ya loopback, akazifundisha rauta zote mbili, ya depo na ya ofisi yetu, kuifikia kwa antena na kwa sahani. Antena ilikuwa imeshatengenezwa. Akampigia simu mama wa depo, "Mama, chomoa waya ya antena." Skrini yangu ikasita kidogo, kisha majibu yakaendelea, ya polepole, kwa njia ya satelaiti. Alama ilibaki kijani. "Sasa chomoa ya umeme." Ikawa nyekundu.

"Hapo njo imekufa kweli," alisema.

Hilo nililielewa, nikafurahi. Lakini mwisho wa anwani, baada ya mkwaju, alikuwa ameandika thelathini na mbili, nami nikamuuliza ni ya nini.

"Maana adresi hii iko peke yake. Haina jirani."

"Asiye na jirani anajulikanaje?"

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linapiga honi. "Papa, nitakupigia," akasema, akatoka.

Hajapiga. Majuzi nilifunga rauta katika depo yetu mpya ya Kibombo, nikaandika thelathini na mbili kama yeye, ikajibu mara ya kwanza. Kijana wa pale aliniuliza hiyo namba maana yake nini. Nikamwambia aandike tu.