Unyasi Ndani ya Biblia

Gisenyi, Jumatatu

Ndugu zangu wa Nyamyumba,

Leo mama mkwe ameuchoma unyasi wangu!

Ule aliouweka marehemu mume wangu kwenye Biblia, pale alipoishia kusoma.

Tangu tumzike, kila asubuhi nasoma kwa sauti ukurasa huohuo. Naogopa nikifunua unaofuata nitamwacha nyuma.

“Mi nilizani ni takataka,” akasema mama mkwe. “Na ile sura, hata mi nisiyejua kusoma nimeishika yote! Soma ya mbele, mwanangu.”

Nikafunua.

Yesu alikuwa analia kaburini kwa rafiki yake.

“Yeye pia alilia?”

“Alilia, mama.”

“Bon, vizuri. Rudia hapo.”

Tukalia pamoja, mara ya kwanza.

Kesho bado naiogopa. Mkisoma asubuhi, mnikumbuke.